Mgongo wa Tanuri

"Shuka hapo, dada, nisije nikasahau kwamba tulinyonya ziwa moja!"

"Sahau! Ziwa lenyewe ulilinyonya mpaka likawa kama soksi, na bado hukushiba. Sahau, halafu lisogelee hili rundo uone."

Bi Chepe alikuwa amesimama juu ya rundo la matairi mabovu, miguu ameitanua kama mtu anayevuka mtaro, chepe lake kalikamata kwa mikono miwili. Chini yake mdogo wake wa tumbo moja, ambaye kiwanda kizima cha matofali kilimwita Meja, alikuwa akirukaruka kama jogoo aliyemwagiwa maji ya moto. Jeshi Meja hakuwahi kuliona hata kwenye picha. Cheo alipewa na filimbi aliyoivaa shingoni, aliyoipuliza watu waanze kazi, akaipuliza waache, na inasemekana hata mkewe aliamshwa nayo. Nyuma yao lilisimama tanuri, refu kuliko nyumba ya yeyote aliyelijenga, limekandikwa udongo pande zote, midomo yake mitano imeachama chini kama ya vifaranga wenye njaa. Mdomo wa kwanza ulikuwa unawaka tayari. Meja aliuwasha alfajiri kabla dada yake hajatokea, akatumbukiza tairi moja kwa kuvizia, kama mtu anayeiba kuku wake mwenyewe.

Moshi wa tairi lile moja ulishapanda. Huo si moshi wa kuni, unaopita na kukuaga. Huo hukaa. Huingia ndani, huvuta kigoda, huuliza kuna chakula gani. Siku moja njiwa mweupe aliukatiza mchana kweupe, na waliokuwepo wanaapa kwamba alitokea upande wa pili kunguru, na alipofika kwao hakupokewa.

"Kuni hakuna, dada," alisema Meja. "Nimetafuta mpaka nimepasua viatu. Na mvua hiyo iko mlangoni. Mle ndani kuna matofali mabichi elfu ishirini, yakinyeshewa ni uji. Watu hawa wote watakula nini? Watakulamba wewe?"

"Wasubiri kuni."

"Mvua haisubiri kuni!"

"Na Dengu hasubiri moshi! Akiuvuta huo siku tatu, mjukuu wako utamfukia kwa chepe hili hili."

"Dengu, Dengu! Watoto wangapi wamekulia hapa?"

"Niulize wangapi wamekufia hapa."

Meja alipuliza filimbi, kana kwamba dada yake naye ni zamu ya kazi inayoweza kuisha, akanyoosha mkono kuvuta tairi la chini kabisa. Bi Chepe akashusha chepe.

Lau lingempata mkono, leo angekuwa anavaa shati kwa meno. Lakini chepe lilitua kwenye tairi, na mpira ni mpira, hauli kofi bila kulirudisha. Mpini uliruka ukamgonga Bi Chepe mwenyewe kidevuni, meno yakagongana, na jino moja la mbele, lililokuwa likisubiri sababu tangu mwaka juzi, likang'oka na damu yake. Akalitema kiganjani, akaliangalia, akamrushia mdogo wake usoni.

"Shika! Hilo la kwanza. Yaliyobaki njoo uyachukue mwenyewe."

Wafanyakazi walikuwa wameacha kalibu zao za kufyatulia matofali, wamejipanga kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Mzee mpanga matofali, aliyelijaza tanuri lile tofali juu ya tofali kwa wiki mbili, alitikisa kichwa.

"Mimi siingilii," alisema. "Nikiingia kati ya hawa wawili, watanipanga na mimi mle ndani."

Jina la Chepe hakupewa na wazazi. Alilipata akiwa na miaka kumi na tisa, wiki yake ya kwanza pale kiwandani, siku msimamizi wa wakati ule alipomfinya mahali pasipofinywa. Wako wanaosema alimpiga chepe tatu. Wako wanaosema moja tu, ila yule bwana alianguka Jumanne akaamka Ijumaa, akauliza kama chai imeshaiva. Kilicho hakika ni kwamba hakufinywa tena. Na alipoomba kazi ya kuchochea moto, kazi ambayo wanaume watatu walikuwa wameikimbia na nyusi zao zimeungua, hakutokea wa kusema kwamba si ya mwanamke. Alichochea akiwa msichana, akachochea akiwa mja mzito, akachochea mtoto yuko titini na chepe liko mkono wa pili, na mtoto hakudondoka wala moto haukuzimika. Mume wake alikuwa mtu mpole, hodari wa kupanga na hodari wa kukohoa. Alipanga akikohoa, akakohoa akipanga, makohozi meusi kama oili ya lori, mpaka siku moja akaikohoa roho yenyewe. Watu walisema ni sigara. Marehemu hakuwahi kushika hata kipande.

Lakini jambo lililompa heshima Bi Chepe kuliko lile la msimamizi ni Mgongo.

Vyumba vya wafanyakazi vilikuwa mwisho wa uwanja, mstari mmoja wa mabati uliopinda kama safu ya meno mabovu. Miezi ya baridi mabati yale yalitoa jasho, blanketi zikaamka zimelowa kama zilizofuliwa, na watoto wachanga wakaamka midomo imewaiva zambarau. Bi Chepe ndiye aliyegundua kwamba ukuta wa nyuma wa tanuri, upande usio na midomo, hupata joto tangu moto wa kwanza na kubaki nalo siku tano baada ya moto kuzimwa. Akajenga kibaraza kando ya ukuta ule kwa mikono yake, akakilainisha kwa udongo, akamlaza hapo mwanawe wa kwanza. Mtoto akalala kama aliyebebwa. Ndiyo sababu akina mama wakapaita Mgongo. Nao wakaleta wa kwao, kila mtoto na kimkeka chake, na kila mtoto na tofali lake moja lililozungushiwa kitambaa, ndio mto. Mama aliweza kufyatua matofali kutwa nzima asisikie kilio. Mgeni akija kuomba kazi, kabla ya kuonyeshwa udongo alionyeshwa Mgongo, naye Bi Chepe akisimama pembeni kama bwana arusi.

Na mtoto akikohoa? Hapo ndipo lilipo neno. Mtoto akikohoa, walijua ni baridi, na dawa ya baridi ni joto. Kwa hiyo aliyekohoa kidogo alisogezwa karibu na ukuta. Aliyekohoa sana alisogezwa zaidi, hata pua ikagusa udongo, pale penye nyufa ambapo moshi hujipenyeza polepole kama pumzi ya mtu aliyelala. Na akizidi kukohoa, mama yake alisemwa kwa kumchelewesha. Hivyo ndivyo walivyowatibu. Miaka arobaini.

Wahenga walisema mwana kidonda, mjukuu kovu, lakini wahenga hao hawakumjua Dengu. Alizaliwa mdogo kiasi kwamba mkunga, kwa kukosa mizani ya watoto, alimpeleka dukani akapimwa kwenye mizani ya dengu, na muuza duka akauliza amfungie kwenye karatasi au kwenye mfuko. Sasa alikuwa na miaka sita na mdomo wa miaka sitini. Meja, babu yake, alimwita mke wangu, naye akamjibu kwamba hawezi kuolewa na mwanaume anayelala na filimbi. Bi Chepe alizaa watano. Amebakiwa na mmoja, mama yake Dengu, na mama yake Dengu amebakiwa na Dengu.

Kikohozi kilimkamata mtoto yule siku mbili kabla ya ugomvi huu, asubuhi, anachezea udongo miguuni pa mama yake. Kilimkamata kama mbwa anavyokamata panya. Kikamtikisa, kikamwachia, kikamtikisa tena. Kikampigisha magoti, kikambwaga chini, kikamkunja mpaka kichwa kikagusa miguu. Kila alipovuta hewa mbavu zilizama ndani, ungedhani kuna mkono mle kifuani unazivuta. Mama yake akambeba akakimbia. Wapi? Mgongoni, ambako bibi yake alikuwa akiziba nyufa, moto mdogo wa kukaushia matofali ukiwa unafuka ndani siku ile. Na bibi mtu akafanya alichojua: akamkandamiza mtoto ukutani kwa nguvu zake zote, akimwambia, "Vuta joto, mama. Vuta, mama yangu, vuta."

Dengu akavuta. Akageuka rangi ya jivu.

Bi Chepe alimbeba mbio hadi zahanati. Foleni ilikuwa ya watu kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyelalamika kurukwa, kwa sababu chepe alikuwa amelisahau mkononi.

Muuguzi alimvisha mtoto barakoa ya mvuke wa dawa. Alikuwa mwanamke mfupi, sura ya mtu aliyechoka kuanzia juzi. Alisubiri mpaka mbavu zilipotulia kidogo, ndipo akauliza, "Huyu hulala wapi, mama?"

"Kwenye ukuta wa tanuri langu, bibie," Bi Chepe alijibu kwa majivuno. "Joto la bure. Kibaraza nimekijenga mwenyewe."

Kalamu ya muuguzi ikasimama. "Tanuri linachomwa na nini?"

"Kuni. Zikikosekana, matairi na oili chafu."

Muuguzi alivua kile kipimo chake cha masikioni, akamchomeka Bi Chepe, na ncha yake akaiweka kifuani pa Dengu. "Sikiliza."

Bi Chepe akasikiliza. Mle ndani zilikuwa filimbi. Filimbi nyembamba, nyingi, zinapishana, kana kwamba Meja mia moja wamejificha kwenye kifua cha mtoto na kila mmoja anapuliza ya kwake.

"Moshi umefanya hivyo," muuguzi alisema. "Njia ya hewa imebaki kama uzi wa cherehani. Hiyo si baridi, mama, na haijawahi kuwa baridi. Mrudishe kwenye ule moshi mara nyingine tu, uzi utakatika, na mimi hapa sina wa kuuunga." Akaanza kuandika tena, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Na wengine uliowalaza hapo wako wapi?"

Bi Chepe, aliyejua kumjibu hata mbwa, alimbeba Dengu akatoka.

Hakusoma, na sahihi yake ni dole gumba, lakini kuhesabu watoto hakuhitaji shule. Njiani alihesabu kwa vidole. Wa kwake wanne. Yule pacha wa mwosha magari. Wale wa mama aliyekuwa akichota maji. Vidole vikaisha, akaingia kwenye vifundo vya vidole. Kulikuwa na mmoja ambaye kila alipomfikia alimruka, akaanza upya, akamfikia tena, akamruka tena. Alipofika nyumbani alimpa mama yake Dengu amri moja: mtoto asitoke chumbani, mlango ufungwe, matambara ya maji yazibe upenyo. Halafu akalinoa chepe.

Na sasa ndiye huyo juu ya matairi, mdomo unachuruzika damu. Meja, kwa kuiona damu, alidhani vita vimekwisha. Miaka hamsini na mbili ya kumjua dada yake ilikuwa imepita bure. Alichomoa tairi, akaligeuza ubavu, akaanza kulibingirisha kuelekea mdomo wa pili. Bi Chepe akaruka. Mwanamke wa miaka sitini na ushei aliruka kutoka urefu wa mlango, na wako wanaosema alikaa hewani muda wa kutosha kufunga kilemba, akatua juu ya mabega ya mdogo wake. Wawili wale na tairi lao wakabingirika mpaka kwenye shimo la kukandia udongo, wakazama, wakaibuka wa rangi moja.

"Nani alitutia kwenye matairi?" Meja alipiga kelele, udongo unamtoka mdomoni. "Nani? Mwaka ule wa mvua, kuni zimelowa, tumekaa tunalia, ni nani aliyeokota tairi la lori akalitupa humo, moto ukapanda mbinguni, na mimi nikakubeba mabegani tukalizunguka tanuri mara tatu?"

"Mimi!"

"Na Mgongo alijenga nani?"

"Mimi!" Akampiga ngumi ya sikio. "Mimi!" Akampiga ya pili. "Ndiyo maana nakupiga, mpumbavu wewe! Ningejipiga mwenyewe, ila mkono hauninyookei!"

Meja naye si mtu wa kupigwa bure. Kiwiko chake kilimpata dada yake ubavuni, na kitu mle ndani kikalia kama ukuni mkavu. Akamkamata nywele. Akamkokota kutoka shimoni, juu ya matofali yaliyopasuka, magoti yakichubuka, hadi mbele ya ule mdomo unaowaka, akamwinamisha mpaka nyusi zikasinyaa na harufu ya nywele zinazoungua ikaenea uwanjani.

"Tazama!" alisema. "Si moto wako huu? Uliuzaa mwenyewe, leo unaukana! Leteni oili! Nimesema leteni oili!"

Kijana mmoja wa kukandia alinyanyua ndoo. Hakufika mbali. Mguu wa mzee mpanga matofali ulikuwa umejinyoosha njiani, ndoo ikaenda kulia, kijana akaenda kushoto.

"Samahani sana," alisema mzee. "Mguu huu umezeeka, haunitii tena."

Upande ule wa oili Meja aligeuza macho kidogo tu. Bi Chepe alipapasa chini, akakuta mpini wa chepe lake lililomponyoka aliporuka, akaulaza kwenye muundi wa mdogo wake. Mlio wake ulisikika mpaka barabarani. Meja akaenda chini kama gunia, na kabla hajakumbuka jina lake dada yake alikuwa amemkalia kifuani, magoti juu ya mikono yake, damu ya mdomo inamdondokea machoni. Akaivuta ile filimbi mpaka uzi ukaiachia, akamsukumia katikati ya meno. Kiganja kimoja akambana midomo kuizunguka, vidole viwili akambana pua.

"Vuta sasa."

Meja alikoroma. Filimbi ikalia. Alivuta, ikalia. Alitoa, ikalia. Macho yakaanza kumtoka, miguu ikachimba vumbi, na kila alivyotaka hewa zaidi ndivyo filimbi ilivyolia zaidi na hewa ilivyozidi kuwa ndogo. Wafanyakazi waliosimama pale walitaka kucheka, wakashindwa. Hakuna aliyesogea.

"Sikia," alisema Bi Chepe. Sauti yake ilikuwa imeshuka chini sana. "Hicho ndicho kifua cha mkeo. Hivyo ndivyo Dengu anavyovuta, akila, akicheza, akilala. Wewe umekaa hivyo kwa kiasi cha kuhesabu ishirini na tayari unajinyea. Yeye ana miaka sita."

Alipoachia mkono, Meja aliitema filimbi matopeni, akavuta hewa kwa mlio kama wa mlango wenye kutu. Kisha kwa nguvu zote alizobakiza akajipindua, akamtupa dada yake pembeni, wakabaki wamekaa chini wanatazamana, wanahema, wote wawili wekundu wa udongo na damu. Moshi mweusi ulikuwa umeinama juu yao.

"Utaniua kwa ajili ya kikohozi," Meja alisema. "Watoto hukohoa, dada. Hata mwanangu alikohoa."

"Najua."

"Nilimzika. Baridi ilimchukua, nikamzika, nikarudi kazini. Sikumpiga mtu."

Hapo Bi Chepe angeweza kunyamaza. Alishanyamaza siku mbili na angeweza kunyamaza ishirini nyingine, na mdogo wake angekufa siku moja akiwa anailaumu baridi. Lakini mdomo wa kwanza ulikuwa unanguruma pale karibu, na mlango wa mjukuu wake ulizibwa na matambara tu.

"Si baridi," alisema.

"Wewe mwenyewe ulisema ni baridi. Ulikuja ukanishika mkono, ukaniambia, mdogo wangu, baridi imemchukua."

"Nilisema. Nilikuwa sijui. Mkeo, mama mtu, ndiye aliyejua. Alitaka kumtoa pale Mgongoni, alisema mtoto analalamikia kifua. Nikamfokea. Nikamwambia mwanamke gani wewe, unamtoa mtoto kwenye joto. Nikamwondoa pale, nikamsogeza mtoto mimi mwenyewe, kwa mikono hii, pua yake nikaiweka kwenye ufa. Nikakaa naye namwimbia. Akakohoa, nikaimba. Akakohoa, nikaimba. Kisha akaacha kukohoa." Alijifuta mdomo. "Nikadhani dawa imekubali. Nikamfunika vizuri."

Udongo ukasikika unapasuka kwa joto kwenye ukuta.

Meja alisimama. Alitembea akichechemea hadi kwenye matofali ya msimu uliopita, yale yaliyoiva vizuri mpaka yanalia kama kengele ukiyagonga, akachagua moja kana kwamba analichagulia mteja. Akarudi. Bi Chepe alimwona anakuja, akalisukuma chepe lake mbali kwa mguu.

La kwanza lilimpata begani. Mfupa wa bega ukaachia, mkono ukaning'inia kama kamba. Hakulia. Alipiga magoti tu, kwa sababu miguu ndiyo iliyoamua hivyo.

"Meja!" alipiga kelele mzee mpanga matofali. "Meja, ni dada yako!"

"Nilikuwa na mtoto," alisema Meja, na tofali likapanda tena, juu ya kichwa cha dada yake safari hii, mikono miwili. "Nilikuwa na mtoto, nikakulipa kwa kukubeba mabegani."

"Piga," alisema Bi Chepe. "Sikatai, na hutasikia nikiomba. Lakini kwanza huo mdomo uzibe. Ziba kwa udongo, moto utazimika wenyewe. Niapie mbele ya hawa watu kwamba tairi halitaingia tena humo, na ule ukuta utauvunja, halafu uniponde kichwa kama unavyotaka. Niapie, mdogo wangu. Sema, kama mimi nilivyomuua wako, wewe huyu hutam—"

Kikohozi kilisikika upande wa vyumba.

Dengu alitokea kwenye kona, kimkeka chake kimekunjwa kwapani, kanga ya mama yake kajifunga shingoni, na kitambaa cha mto mkononi. Mama yake alikuwa ametoka kuchota maji ya kulowesha matambara. Mtoto hakushangaa kuwakuta wakubwa wamejaa damu. Wakubwa wa pale walikuwa wakigombana tangu azaliwe. Aliwapita, akapanda kwenye ncha ya kibaraza cha Mgongo inayoonekana kutoka pale mdomoni, akakunjua mkeka, akausogeza mpaka ukagusa ukuta. Akauangalia, akausogeza zaidi.

"Bibi, nimeshikwa na baridi kifuani," alisema kwa pumzi tatu. "Nimekuja mwenyewe. Hata sijaambiwa."

Akageuka, akamwona babu yake na mikono juu.

"Babu, hilo ndilo tofali la mto wangu?" Alinyoosha kile kitambaa. "Nipe basi, nimechoka kusimama."

"Mke wangu," Meja alianza, "mke wangu, toka hapo, usi—"

Dengu alikuwa ameshalala, pua kwenye ufa, na uwanja mzima ukasikia filimbi nyembamba inalia. Mikono ya Meja ikashuka na tofali lake. Akapeleka vidole shingoni kuishika filimbi yake, akakuta uzi mtupu.